Sekunde Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza leo. Bati la bohari lilipiga kelele mpaka msimamizi akalazimika kutoa matangazo kwa ishara za mikono, na nusu yetu tulielewa kwamba tunaruhusiwa kwenda nyumbani. Kumbe alikuwa anasema vidude vinawekewa mfumo mpya.

Naandika kwenye daftari la mahudhurio ambalo mume wangu, mwalimu wa michezo, alilitupa kwa sababu kurasa za mwanzo zimelowa chai. Mistari yake imekaa vizuri, haifai kutupwa. Nitaandika msimu huu wote wa mvua. Mwisho wa Mei mikataba yetu inaisha, na safari hii sitaki mtu aje kunisimulia mimi mwenyewe nilifanya nini.

Kwa atakayefungua bila ruhusa (baba watoto, najua ni wewe): kazi yangu ni kukusanya dawa. Zahanati inaagiza, oda inatokea kwenye kidude, yaani ile kompyuta ya mkononi ninayoifunga kwenye kifundo cha mkono. Inaniambia nenda rafu fulani, chukua boksi fulani. Nalielekezea lile jicho jekundu, linasoma milia, ile mistari myeusi ya ubavuni, kidude kinalia tii, natia boksi kwenye katoni. Kikikoroma badala ya kulia tii, ujue umechukua siyo. Miaka kumi na moja nafanya hivyo, na jina langu halijawahi kushuka chini ya nafasi ya pili kwenye ubao wa kasi. Wenzangu wananiita Mshale. Sijawahi kuwakataza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Asilimia mia na kumi na mbili ya lengo la siku. Wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Wameanza na vidude kumi vya majaribio, na cha wifi yangu kimo. Wifi ni mdogo wake mume wangu. Nilimwingiza kazini mimi mwenyewe mwaka jana, baada ya ndoa yake kuvunjika akaja kwetu na begi moja na ndoo. Januari alipata chumba chake cha kupanga, hatua chache kutoka kwetu. Ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na akiongea anaushika. Sijui kama anajua kwamba anaushika.

Leo mchana alinijia pale kwenye rafu za glavu. "Wifi, hiki kidude tangu kiwekewe apdeti kinazubaa."

"Kinazubaa au unazubaa?"

Wote waliokuwa kwenye njia ile walicheka mpaka mmoja akaegemea toroli. Na mimi nilicheka, kwa nini nisicheke, maneno yalinitoka vizuri. Yeye alishika ufunguo wake akarudi kazini.

Jumatatu, 10 Machi

Ubao: mimi 110, wifi 71. Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Asilimia kwa sababu hata ukimsalimia anakujibu kwa hesabu, aliniita pembeni. "Yule uliyetuletea," akasema, "ananishushia wastani." Aliye chini ya themanini na tano mwisho wa Mei hapewi mkataba. Nilisikia aibu kama vile mimi ndiye niliyepata hiyo sabini na moja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegombana na mume wangu juu ya dada yake. Nilisema mtu hawezi kukusanya oda huku akisimama kila boksi kama anapigwa picha. Yeye akasema, "Dada yangu hajawahi kuwa mvivu." Nikamwambia wewe unafundisha watoto kukimbia, huoni mtu anayetembea? Akapuliza filimbi yake ya mpira, ile ya kutoa kadi. Watoto walicheka, mimi sikucheka.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. 111.

Jumatatu, 24 Machi

Vidude vyote vimepata mfumo mpya, changu pia. Sura yake ni nzuri, maandishi yamekuwa makubwa, rangi za kutosha. Asubuhi kilikuwa kinalia tii kabla sijashusha mkono. Nilimpitia wifi nikamwambia, "Mzubavu wako yuko wapi?" Akaendelea na oda yake.

Saa nane mchana nikaelekeza jicho kwenye boksi, kikaja kigurudumu katikati ya kioo. Kikazunguka. Nikadhani sijashika vizuri. Nikakipiga kofi. Kikaendelea kuzunguka taratibu, hakina habari na mtu. Tii.

Boksi la pili, kigurudumu. La tatu, kigurudumu. Nilimaliza siku na 78. Nilipopita kwenye ubao niliangalia saa ya ukutani kwa bidii sana ili nisione jina langu.

Jumanne, 25 Machi

Vilevile. Sikumwangalia wifi usoni.

Ijumaa, 28 Machi

Tumekwenda watu saba kwa Asilimia. Alitusikiliza, hilo nakubali. Akampigia simu fundi wa makao makuu aje Jumatatu. Lakini kabla hatujatoka akasema, "Wakati mimi nakusanya oda, hatukuwa na kigurudumu wala nini. Tulikuwa na miguu." Kumbe naye alikuwa mkusanyaji zamani. Hakuna anayekumbuka isipokuwa yeye, na yeye anakumbuka kwa wote.

Jumatatu, 31 Machi

Fundi alifika saa mbili kamili asubuhi, binti mwenye mkoba wa nyaya na viatu vyeupe, mvua yote hii. Akaketi ofisini, akachukua kidude changu moto moto kutoka kwenye chaji, akapanga maboksi sita juu ya meza ya Asilimia. Tii, tii, tii, tii, tii, tii.

"Kiko sawa, mama," akaniambia.

"Mchana hakiko hivyo."

"Kidude hakijui mchana."

Akafanya tena. Tii sita. Asilimia akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyesema anaumwa tumbo siku ya mtihani. Kisha yule binti, kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma, akasema labda mkono wangu unachoka ikifika mchana. Umri nao una mambo yake.

Mkono wangu! Mkono huu umebeba katoni za maji ya dripu miaka kumi na moja. Nilitoka bila kuaga. Nikirudi nyumbani nilikuwa naongea peke yangu njiani na mwavuli umefungwa.

Jioni nilimwambia mume wangu anipe ile saa yake ya kupimia mbio. "Unataka kukimbia?" akauliza. Nikamwambia nataka kumkamata mtu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepima siku tatu. Nabonyeza saa jicho likisoma, nabonyeza tena kikilia. Saa mbili asubuhi, sekunde moja na nusu. Saa nne, tatu. Saa sita mchana, sita. Saa nane, kumi. Saa tisa alasiri, kumi na nne. Sekunde kumi na nne kwa boksi moja! Nimejaribu kukizima na kukiwasha, kinarudi na kigurudumu chake kilekile. Kesho yake asubuhi, kikishalala kwenye chaji, kinaamka mzima kama mgonjwa aliyepona akimwona daktari.

Maana yake ni kwamba hakichoki kwa saa. Kinachoka kwa maboksi. Kila boksi ninalosoma kinalibeba, na kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo kinavyokokota miguu, mpaka kikitiwa kwenye chaji usiku kinautua. Na yule binti alikipima hakijabeba hata boksi moja.

Nilimpelekea Asilimia karatasi. Akasema saa ya mwalimu wa michezo si kifaa kinachotambulika. Nikamwuliza kinachotambulika ni kipi, kigurudumu? Akaniambia nichunge mdomo. Nimeuchunga siku zote, umenisaidia nini?

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepata dawa ya kigurudumu. Siku nzima nilikuwa nasubiri kama mjinga, halafu nikagundua kwamba jicho linaendelea kusoma hata kigurudumu kikiwa kinazunguka. Kwa hiyo sisubiri. Nasoma boksi, natia kwenye katoni, nasoma la pili, natia, nasoma la tatu, natia, na kidude kinakuja nyuma yangu kikilia tii zake kwa kuchelewa. Mbinu hii naiita kukiacha nyuma. 99 leo. Mshale!

Jumatano, 9 Aprili

103. Nimewafundisha watano.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilimfundisha wifi wakati wa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono uko kwenye ufunguo.

"Hapana," akasema. "Mimi nasubiri kilie."

"Una 66, wifi."

"Naijua."

"Mei ikiisha utarudi kulala na watoto wangu."

"Wifi, hizi ni dawa," akasema. "Sijui kama nimechukua sawa mpaka kilie."

Nikamwambia macho anayo, asome boksi. Akasema maboksi yote yanafanana upande wa milia. Nikaondoka. Kichwa kigumu kama cha kaka yake, na nilimwambia kaka yake hivyo hivyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mto umefunga barabara ya kusini. Zahanati zimeagiza mara mbili ya kawaida kabla barabara nyingine hazijafungwa. Tunaingia saa moja, tunatoka giza limeingia, soksi zimelowa. 104.

Jumanne, 22 Aprili

Wifi 61. Asilimia amebandika majina yaliyo chini ya themanini na tano kwa wino mwekundu. Yako tisa. Wengine wanane wamekwishaanza kukiacha nyuma, watapanda tu. Wifi peke yake anasimama pale kwenye njia na kidude chake, anakitazama mpaka kilie.

Jumatano, 23 Aprili

Mchana wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya rafu, macho mekundu. Mwenye nyumba alimwuliza asubuhi kama mkataba wake wa kazi utaendelea, kwa sababu kuna mtu anakitaka chumba. Aliniambia hivyo tu.

Nikamvua kidude mkononi. "Nenda kanawe uso. Nipe saa moja tu na jina lako." Alikataa. Nikamsukuma kwa bega. Nilikusanya oda nne kwa jina lake na nikamrudishia kidude kikionyesha kasi ya asilimia tisini. Akasema asante kwa sauti ndogo. Nilijisikia mtu mwema sana. Naandika hili nikiwa nimekula na kushiba, na mume wangu ameniosha vyombo kwa furaha.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo sitaandika vizuri.

Saa tano asubuhi alipiga simu muuguzi wa zahanati moja ya ng'ambo ya mto. Alifungua katoni ya sindano za watoto. Maboksi manne yalikuwa na mkanda wa kijani, yaani ya watoto. La tano lilikuwa na mkanda wa bluu, la watu wazima, dawa ileile lakini kali mara nne. Mtoto alikuwa amekwishalazwa kitandani na sindano imeandaliwa kwenye trei. Muuguzi aliangalia kichupa mara ya pili kwa sababu tu rangi ya kifuniko haikumkaa vizuri. Angekuwa na haraka, basi.

Oda ile ilikusanywa Jumatano, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kwa jina la wifi.

Nilijua kabla Asilimia hajamaliza kusema. Nililikumbuka boksi lenyewe. Nilikuwa nasoma yale matano mfululizo, tayari manne yamo kwenye katoni na la tano liko mkononi, ndipo kidude kikakoroma. Nikadhani kinalikataa lile la mkononi. Nikalirudisha kwenye rafu, nikachukua jingine, nikalisoma, tii, nikafunga katoni. Kumbe kilikuwa kinakoromea boksi la pili, la sekunde arobaini nyuma, lililokuwa limechanganyika na ya watoto rafuni. Nilirudisha lililo zuri nikafunga lililo baya, na hesabu ikaja sawa, matano.

Walimwita wifi ofisini. Nilikuwa nje ya kioo na toroli langu. Niliona mdomo wa Asilimia ukienda, nikaona wifi anatikisa kichwa, kisha hakitikisi tena. Mkono shingoni. Nilisubiri anionyeshe kidole. Nilikuwa tayari kabisa kuonyeshwa kidole, hata nilikuwa nimeshaandaa hasira yangu.

Hakunionyesha. Alitoka na bahasha. Jumatatu saa kumi atakutana na meneja, na baada ya hapo hatarudi. Alinipita akasema, "Usijali, wifi."

Na mimi, Mshale, sikusema neno. Nilisukuma toroli.

Jumapili, 27 Aprili

Jana sikuandika. Leo mume wangu ameniuliza kwa nini dada yake hakuja kula. Nikasema mvua. Ilikuwa imeanuka tangu asubuhi.

Nimesoma daftari hili kuanzia mwanzo. Kila ukurasa namwona mwanamke mmoja mwenye mdomo mrefu akicheka. Wifi alikuwa na kidude kibovu karibu wiki tatu kabla yangu, akasema kweli, nikamcheka mbele za watu. Nikampa mbinu ya kukimbia, akaniambia kwa nini ni mbaya, nikamwita kichwa kigumu. Asilimia sitini na moja yake haina kosa hata moja tangu Machi. Mia na nne yangu karibu iue mtoto.

Nimemwambia mume wangu yote. Hakupuliza filimbi. Alikwenda kuleta ile saa akaiweka juu ya daftari.

Jumatatu, 28 Aprili

Niliingia ofisini saa mbili asubuhi bila kuitwa. Meneja alikuwepo, mama mrefu wa miwani ambaye tumezoea kumwona Desemba tu. Asilimia alikuwepo, na yule fundi wa viatu vyeupe, aliyeletwa kuchunguza kidude cha wifi.

"Oda ya Jumatano niliikusanya mimi," nikasema. "Nilivaa kidude cha wifi yangu. Boksi la bluu ni langu."

Asilimia alisema nakuja kumwokoa ndugu. Nikamwambia aangalie mwenyewe: oda nne kwa saa moja, mtu wa sitini na moja anawezaje? Hesabu hiyo aliielewa mara moja.

Meneja akavua miwani. "Unajua unajisemea nini, mama?"

"Najua. Nifukuzeni nikistahili. Lakini sitoki hapa peke yangu, natoka na hiki kidude."

Nikaweka daftari mezani, kurasa za sekunde. Nikaeleza kukiacha nyuma, nikaeleza mkoromo unavyochelewa. Nikasema sisi sote humu, isipokuwa mtu mmoja, tunafanya hivyo, kwa sababu ubao unatutaka tufanye, na boksi la bluu litatoka tena kesho kwa mkono wa mwingine. Fundi akasema, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ya mwezi uliopita, kwamba alikipima.

"Ulikipima saa mbili asubuhi, mwanangu, juu ya meza. Kipime saa tisa, kikiwa na maboksi mia tatu tumboni. Na asikipime mkusanyaji, mtasema mkono umechoka. Akipime yeye." Nikamwonyesha Asilimia. "Alikuwa bingwa wa miguu."

Sijui nilipata wapi mdomo ule. Hapana, najua, ni uleule wa siku zote, ila safari hii ulikuwa unafanya kazi ya maana.

Nilimwomba meneja jambo moja zaidi, tukiwa wawili mlangoni: aweke boksi moja la bluu kati ya yale ya kijani, milia ikitazama nje, popote anapotaka, asimwambie mtu.

Saa tisa alasiri bohari yote ilijua. Watu walijifanya kupanga glavu. Wifi aliitwa, akasimama karibu na rafu, na mimi nikampa ile saa ya mbio. "Pima wewe," nikamwambia. "Wewe unajua kusubiri."

Asilimia akavaa kidude changu kilichokuwa kimefanya kazi tangu asubuhi. Alikunja mikono ya shati. Oda: maboksi kumi ya sindano za watoto. Meneja akamwambia, "Fanya kama kwenye ubao, nataka tisini."

Akasoma boksi la kwanza. Kigurudumu. Akasimama. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Tii.

"Kumi na nne," wifi akasema.

La pili. Kigurudumu. Akahamisha uzito mguu huu na mguu huu. Akaangalia saa ya ukutani, akaangalia meneja. Tii.

"Kumi na nne."

Kwenye la tatu nilimwona. Hakuna aliyemfundisha. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye la nne kigurudumu kikiwa bado kinazunguka, akalisoma, akalitia, la tano, la sita, la saba, na uso ukamfunguka, alikuwa kijana tena, na tii zikaanza kumfuata nyuma moja moja. Lazima niseme ukweli, alikuwa na mkono mzuri. Alikuwa ameshika la nane kidude kilipokoroma.

Akalitazama lile la nane. Akalirudisha kwenye rafu. Akachukua jingine, akalisoma, akamaliza, akafunga katoni, akajifuta jasho. Kwenye kioo: kumi kati ya kumi.

"Fungua," meneja akasema.

Akafungua. Meneja alitoa maboksi moja moja akiyageuza upande wa rangi. Kijani, kijani, kijani, kijani. La tano, bluu.

Hakuna aliyecheka. Nilidhani ningefurahi, na nilifurahi, lakini si sana. Asilimia alilishika lile boksi kwa mikono miwili, akaligeuza upande wa milia, akaligeuza tena. Fundi alikuwa ameketi chini sakafuni na viatu vyake vyeupe, kompyuta mapajani, anaandika, hasemi na mtu. Baada ya muda akainua kichwa akaniambia, "Mama, kwa kila boksi jipya kidude kinaandika upya orodha ya maboksi yote ya siku nzima. Nilipaswa kuja mchana."

"Karibu tena," nikamwambia, na nilimaanisha.

Wifi akabonyeza saa ikasimama. Bahasha yake ilirudi kwenye meza ya meneja.

Jumanne, 29 Aprili

Ubao umeondolewa mpaka vidude vitengenezwe. Tunasubiri tii. Polepole, wote.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Hakuna cha kusema.

Ijumaa, 16 Mei

Mfumo wa zamani umerudishwa. Maandishi madogo, rangi hakuna, na kinalia kabla sijashusha mkono, asubuhi na saa tisa. Fundi alikaa siku mbili akatembea nyuma yetu kwenye njia zote, safari hii na mabuti. Wifi amepata 96 ya kwake mwenyewe.

Ijumaa, 30 Mei

Mikataba. Wifi amepata mwaka mzima. Mimi nimepata miezi sita na barua ya onyo.

Asilimia alinisogezea barua na kalamu. Niliisoma yote, hata anwani. Ilisema nimepewa onyo kwa kutumia kidude cha mwenzangu na kwa uzembe.

"Kutumia kidude cha mwenzangu, nasaini," nikasema. "Uzembe, hapana."

"Barua imeshapigwa chapa."

"Basi haisainiwi. Mzembe ni mtu asiyejali. Mimi nilifanya haraka, kwa sababu humu ndani haraka ndiyo iliyokuwa inabandikwa ukutani. Andikeni haraka, nitasaini, na nitaibandika nyumbani watoto waione."

Nilijua miezi sita yangu iko juu ya meza ile, lakini kalamu sikuigusa. Kisha Asilimia akaichukua yeye. Akalikata neno uzembe kwa mstari mmoja, juu yake akaandika haraka, na pembeni akaweka sahihi yake kama wanavyofanya wanaporekebisha kosa. Akanirudishia. Nikasaini.

Wakati wa chai nilisimama juu ya ngazi ya rafu, pale pale kwenye glavu, watu wakiwa wengi kuliko siku ile. Nikasema, "Mwezi wa tatu nilisema hapa kwamba wifi yangu anazubaa, na mlicheka. Kidude ndicho kilichozubaa, na mimi nilikosea. Wifi, nisamehe."

Wifi aliweka kikombe chini.

"Siku themanini na tano," akasema.

Sikuelewa.

"Tangu uliposema mpaka leo. Nilikuwa nakupima." Mkono wake haukuwa shingoni, ulikuwa kiunoni. "Kidude kilikuwa na haraka kuliko wewe, wifi."

Walicheka mpaka yule wa siku ile akaegemea toroli lake tena, na mimi juu ya ngazi nilicheka na kulia pamoja. Jioni nimekwenda kwake kwa mara ya kwanza. Chumba ni kidogo, kisafi, dirisha linatazama ukuta. Alinipa ufunguo nifungue mimi.